Chuo cha Filamu Kiko Ukumbini

Kijana wa Dar es Salaam anayetaka kuishi kwa kutengeneza filamu, hana mwajiri wala mjomba mwenye kampuni, namshauri aanzie kwenye harusi. Aende kanisani, msikitini, ukumbini, kwenye sendofu na kichenpati, apige video, alipwe, na wiki ijayo arudi tena. Najua wapo watakaochukia kusikia hivyo. Katika vijiwe vya watu wa sinema, kumwita mwenzako "mpiga harusi" ni kumwambia kwamba hajui kazi. Nimewaona vijana wenye vipaji wakizificha kazi zao za harusi, wakaweka mtandaoni vipande vya majaribio visivyo na mteja wala hadithi, mradi tu wasionekane wanakula kwa keki na maua ya watu. Dharau hiyo inatugharimu sana, na inawagharimu zaidi wale wanaoanza.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Serikali ilianzisha Tanzania Film Company mwaka 1968, na miongoni mwa kazi za enzi hiyo ni Fimbo ya Mnyonge ya mwaka 1976, filamu iliyobeba siasa ya Ujamaa. Baadaye fedha zikakauka na sinema ya dola ikafifia. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kijana wa Ilala au Temeke aliyetamani kushika kamera mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakuwa na studio ya kumpokea. Kilichokuwepo ni kamera za VHS zilizoingia na mizigo ya Dubai, na watu waliotaka kumbukumbu zao: maharusi, wahitimu, wafiwa, waandaaji wa maulidi. Kwao ndiko mikono ya wengi ilikozoea kamera. Shamba Kubwa, mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa za video hapa nchini, ilitoka mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya televisheni kuingia Bara. Sinema ya watu binafsi hapa kwetu ililelewa na mteja wa mtaani anayelipa kutoka mfukoni mwake, na mteja huyo bado yupo.

Leo tuna mahali pa kusomea. Kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo. Anayepata nafasi aende, asisite. Lakini nafasi ni chache kuliko watu, na hata anayemaliza chuo atatoka na cheti asijue nani atamlipa Jumatatu. Harusi inamfundisha kazi na inamlipa siku hiyohiyo.

Mtazame bibi harusi anavyoingia ukumbini. Gauni jeupe pe, ngozi nyeusi, kando yake bwana harusi ndani ya suti nyeusi, na nyuma yao mapambo yanayomulikwa kwa taa za zambarau na buluu. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, itaona weupe wa gauni, itapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi utazama gizani. Ukiongeza mwanga ili uso uonekane, lesi yote ya gauni inapotea, linabaki doa tupu. Hapo unajifunza kupima mwanga kwa uso wa mtu, kumwomba mpambaji kwa upole azime taa moja, kusogea hatua mbili kushoto hadi upate pembe ambayo taa ya video inagusa shavu bila kuunguza gauni. Ugumu huo una historia: kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kwenye maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, mafundi wakaziita Shirley, na rangi za ngozi zote zikapimwa kwa ngozi ya huyo mmoja. Anayejua kuupata uso mweusi vizuri usiku, ndani ya ukumbi wenye taa za disko, ana elimu ambayo vitabu vingi vya upigaji picha viliipita haraka.

Halafu kuna sauti. Watazamaji wa Bongo Movie wamelalamikia sauti kwa miaka mingi: mazungumzo yanamezwa na upepo, muziki unafunika maneno, chumba kizima kinavuma. Sasa fikiria ukumbi wa watu mia tatu, spika za DJ zimekukabili, na mama mzazi anasimama kumpa binti yake nasaha. Maneno yale ndiyo moyo wa video nzima. Maikrofoni iliyo juu ya kamera haitakusaidia kitu. Mpiga video makini anafika saa mbili kabla ya wageni, anaongea na DJ, anachomeka kinasa sauti kwenye mikisa, anamvalisha MC maikrofoni ya kifuani, na bado anaweka simu inayorekodi karibu na meza kuu kwa tahadhari. Akifanya hivyo kwa mwaka mzima, siku akipewa kusimamia sauti ya tamthilia hatashtuka.

Na hakuna kurudia. Padri hasubiri ubadilishe betri. Pete inavishwa mara moja, ndoa inafungwa mara moja, baba analia mara moja. Umeme unaweza kukatika katikati ya kukata keki, na jenereta ikachukua dakika tatu kuwaka. Anayefanya kazi katika hali hiyo anakuwa na tabia ambazo filamu inazitaka kuliko kitu kingine: betri zimechajiwa tangu jana yake, kadi mbili zinarekodi kwa pamoja, na kabla ya kulala picha zimenakiliwa kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Anajifunza pia kuongoza watu wasio waigizaji. Kumwambia shangazi wa bwana harusi ahame mbele ya kamera bila kumuudhi, ukianza na shikamoo yake kamili na kumshukuru hata kabla hajasogea, kunataka uongozaji. Wapo waongozaji wenye majina ambao hawajui kuongea na mzee namna hiyo, na waigizaji wao wanajua.

Pwani kuna jambo jingine ambalo watu wa filamu hawalizungumzi vya kutosha. Zanzibar, Tanga, Mombasa, Lamu, sehemu kubwa ya sherehe ni ya wanawake watupu. Kuna nyumba ambazo simu hukusanywa mlangoni. Mwanamume mwenye kamera nzuri kuliko zote mjini hawezi kuvuka kizingiti hicho. Anayevuka ni mpiga video mwanamke, na ndani anakuta mavazi, ngoma na hisia ambazo hakuna filamu yetu iliyowahi kuzionyesha ipasavyo. Binti anayeanza kazi hii ana soko ambalo kaka zake hawana. Lakini soko hilo lote limesimama juu ya amana. Picha za mle ndani zikivuja, hata kipande cha sekunde kumi, amemaliza kazi mji mzima, na ameziumiza familia zilizomwamini. Ndiyo maana huwaambia mabinti hao waandike kwenye makubaliano nani atahariri, picha ghafi zitakaa wapi, na zitafutwa lini. Tangu 2023 Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, kwa hiyo jambo hili si la adabu peke yake.

Nije kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo wengi huangukia.

Anayepiga video bila kuajiriwa hupanga bei kwa kutazama jirani anatoza ngapi, kisha anapunguza kidogo ili apate kazi. Afanye hesabu kwanza. Tuseme kamera, lenzi na vifaa vyake vimemgharimu shilingi milioni 6, na vitadumu miaka mitatu kabla ya kuchakaa au kupitwa na wakati. Akipata kazi 40 kwa mwaka, ni kazi 120 kwa miaka mitatu. Maana yake kila kazi lazima irudishe shilingi 50,000 za kamera peke yake, hata kabla ya nauli, chakula cha msaidizi, diski, bando, umeme na siku nne za kuhariri. Kijana anayekubali kazi ya siku nzima kwa shilingi 150,000 na kumlipa msaidizi 50,000 anakula kamera yake mwenyewe bila kujua. Siku ikiharibika hatakuwa na ya kununulia nyingine, na sisi tutasema kipaji chake kilikufa.

Kisha kuna kulipwa kwenyewe. Harusi zetu zinaendeshwa na kamati. Kamati ina mwenyekiti, mhazini, kadi za michango na vikao vya kila wiki, na ndiyo inayopatana na mpiga video. Kianzio kinatolewa, salio linaahidiwa. Baada ya harusi kamati inavunjwa, mara nyingi kwa hafla yake yenyewe ya nyama na vinywaji, na kuanzia jioni hiyo deni lako halina mwenyewe. Mwenyekiti anakuelekeza kwa mhazini, mhazini anasema hesabu zimefungwa, maharusi wanasema wao hawakupatana na wewe. Dawa yake ni kuandika tarehe: nusu siku ya kupatana, robo wiki moja kabla ya harusi, robo ya mwisho kabla ya kamati kuvunjwa. Wanakamati wengi ni watu waungwana na wakionyeshwa karatasi mapema hawana shida. Shida ni sisi kuona haya kudai haki yetu mbele ya watu waliovaa sare.

Haya hiyohiyo ndiyo iliyoimaliza Bongo Movie. Miaka ya 2000, baada ya Girlfriend ya mwaka 2003 kuonyesha kwamba filamu ya Kiswahili inauzika, prodyuza alipeleka masta kwa msambazaji, akalipwa fedha taslimu mara moja, na haki zote zikabaki kwa mnunuzi. Mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012 akiwa na umri wa miaka 28, alijulikana mpaka Kongo, Rwanda na Burundi. Maelfu walifurika Leaders Club, Kinondoni, kumuaga. Lakini mfumo aliofanyia kazi ulimpa msanii malipo ya siku na kumwachia msambazaji miaka yote iliyobaki. DVD zilipokosa soko na chaneli za kulipia zikaanza kutafuta filamu za Kiswahili, aliyekuwa ameuza masta hakuwa na cha kupeleka.

Tangu 1999 Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo. Sheria haimsaidii mtu aliyesaini kila kitu, wala asiyesaini chochote. Kenya wameliandika wazi jambo moja ambalo kila mpiga video wa Mombasa na Nairobi alijue: chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa na mtu kuifanya huhesabiwa kwamba haki zake zimehamia kwake, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vingine. Ukinyamaza, umeshatoa.

Sisemi mpiga video wa harusi ang'ang'anie haki za harusi ya watu. Ile ni yao. Aombe ruhusa ya maandishi kuonyesha vipande vichache kutafutia kazi nyingine, basi. Shirika linaloagiza video ya mradi wa maji litataka haki zote, na ni sawa, ila bei iwe ya haki zote. Hadithi uliyoibuni mwenyewe, ukaiandika na kuipiga kwa gharama zako, hiyo usiiuze moja kwa moja hata njaa ikibana. Kodisha kwa muda, kwa chaneli moja, kwa eneo moja, na tarehe ya kurudi kwako iandikwe.

Kwa upande wa mashirika na kampuni, mambo ni mepesi kuliko vijana wanavyodhani, na sitakaa hapo sana. Wanataka TIN, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, akaunti ya benki kwa jina hilo, na ankara iliyoandikwa vizuri. Watakata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Dai cheti chake na ukitunze. Mwenye karatasi hizi anapata kazi mbele ya mwenye kamera bora asiye nazo.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana wana hoja. Wanasema harusi inazoesha mikono vibaya: kila kitu kinapunguzwa kasi, droni inapaa bila sababu, na wimbo wa staa wa Bongo Fleva unafunika kila kitu. Ni kweli. Mtu anayelia kuibiwa kazi zake hawezi kubandika wimbo wa mwenzake kwenye tangazo lake bila ruhusa. Droni nayo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, jambo ambalo wengi hulikumbuka askari akishafika. Wanasema pia harusi inameza maisha. Mtu anaanza akiwa na muswada wa filamu begani, miaka kumi inapita, muswada bado uko begani. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, na dawa yake naiona kwenye kalenda.

Mwongozaji Christopher Nolan alitengeneza Following, filamu yake ndefu ya kwanza iliyotoka mwaka 1998, kwa kupiga picha siku za Jumamosi kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa na kazi katikati ya wiki. Kwetu hesabu hiyo lazima igeuzwe. Jumamosi ya mpiga video wa Dar es Salaam ni ya mteja. Ijumaa ni ya sendofu, Jumapili ya kupumzika na kupanga picha. Jumatatu na Jumanne ndizo zake, na bahati nzuri siku hizo ndizo ambazo waigizaji wengi hawana kazi, kumbi ziko wazi, barabara za Kigamboni zina nafasi, na mwenye mgahawa anafurahi kukupa meza mchana kutwa ukinunua chai. Mwenye harusi tatu kwa mwezi na Jumatatu mbili zilizotengwa, akiwa na kibali cha Bodi ya Filamu mkononi, anaweza kumaliza filamu fupi ya dakika kumi na mbili ndani ya msimu mmoja. Mwezi wa Ramadhani, harusi za Waislamu zinaposimama, na Kwaresima, makanisa mengi yasipofungisha ndoa, ndiyo miezi ya kuhariri na kuandika.

Filamu fupi ndiyo hatua inayofuata, na mfano uko karibu. Mwongozaji Amil Shivji alitoa Shoeshine mwaka 2013, kisha Samaki Mchangani mwaka 2014, zote fupi. Ikafuata T-Junction mwaka 2017. Vuta N'kuvute, aliyoitoa kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya miaka ishirini nyuma. Ni miaka minane kutoka filamu fupi hadi Toronto, kila moja ikiwa imefungulia mlango iliyofuata. Kenya, David "Tosh" Gitonga alikuwa mwongozaji msaidizi kwenye The First Grader ya mwaka 2010 kabla hajaongoza Nairobi Half Life ya 2012. Kubeba kazi ya mwingine kwa uaminifu, kujua ratiba, kujua nani anakula saa ngapi na taa ipi inazimwa lini, ni njia ya pili ya kuingia, na mpiga harusi anaijua tayari kwa sababu kila Jumamosi anaongoza kikosi cha watu watatu katikati ya watu mia tatu.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa Bodi ya Filamu na COSOTA. Tunahitaji mkataba wa mfano wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama wa kamati, usiohitaji wakili, utakaopatikana bure kwenye simu na kwa ofisa utamaduni wa kila wilaya. Uwe na bei na tarehe za malipo, saa za kazi na malipo ya saa za ziada sherehe ikipitiliza, tarehe ya kukabidhi video, muda wa kutunza picha ghafi, nani ana haki ya kuonyesha nini na wapi, na kipengele maalumu kwa sherehe za wanawake. Uwe na toleo la pili kwa mashirika na la tatu kwa chaneli zinazokodi filamu, lenye nafasi ya kuandika mwaka ambao haki zitarudi kwa mwenyewe. Na kwenye lile la harusi, nafasi za saini ziwe tatu: ya mpiga video, ya mwenyekiti wa kamati, na ya maharusi, maana hao ndio watakaokuwepo kamati ikishavunjwa.